Njaa Iliyotungiwa Sheria

Mwaka 1980 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kimoja kifupi katika sheria ya misaada ya jamii. Maana yake ilikuwa hii: mfanyakazi akigoma, familia yake ihesabiwe kuwa inapokea posho ya mgomo kutoka chama cha wafanyakazi, na kiasi hicho kikatwe kwenye msaada ambao serikali huwapa mke na watoto wake. Na kama chama hakilipi posho yoyote? Kikatwe vilevile. Wachimba makaa ya mawe walipogoma mwaka 1984, makato hayo yalikuwa yamefika paundi 15 kwa wiki. Chama chao, NUM, hakikulipa posho ya mgomo. Kwa hiyo mwanamke wa Barnsley au Easington alikatwa kila wiki fedha ambazo hakuna aliyewahi kumpa. Mgomaji asiye na mke wala mtoto hakupata kitu.

Naanza na kifungu hicho kwa sababu nimechoka kusoma habari za mgomo ule wa mwaka mzima, kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, zikisimuliwa kama ugomvi wa watu wawili. Waziri mkuu Margaret Thatcher upande huu, kiongozi wa NUM Arthur Scargill upande ule. Nani alikuwa na kiburi zaidi, nani alikosea hesabu. Hata maadhimisho ya miaka 40 yalirudi kwenye nyuso hizo hizo mbili. Sisi tuna msemo tulioutayarisha kwa kila ugomvi wa wakubwa, kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na watu huutumia kwa mgomo huu pia, tena kwa huruma. Naukataa. Familia za wachimba makaa hazikuwa nyasi zilizokanyagwa kwa bahati mbaya. Zililengwa. Aliyeipanga vita ile alijua kwamba mwanamume aliyezoea vumbi, giza na paa la mwamba linaloweza kumwangukia wakati wowote hatishwi kwa urahisi na rungu la polisi. Alijua pia kwamba mwanamume huyo ana watoto. Akapiga hapo.

Mpango huo una maandishi. Mwaka 1977, chama cha Conservative kikiwa bado upinzani, mbunge wake Nicholas Ridley aliongoza kundi lililoandika ripoti ya siri kuhusu namna ya kuvikabili vyama vya wafanyakazi wa mashirika ya umma. Ripoti ilivuja mwaka uliofuata katika jarida la The Economist. Chama hicho kilikuwa hakijasahau kwamba wachimba makaa waligoma mwaka 1972 wakashinda, na waligoma tena mwaka 1974, na serikali ya Edward Heath ikaanguka. Ridley alipendekeza makaa yalundikwe kwenye vituo vya umeme kabla ya mgomo, mipango ya kuagiza makaa kutoka nje iandaliwe, madereva wa malori wasio wanachama wa vyama watafutwe, mitambo ya umeme iweze kutumia mafuta, na polisi wawe na kikosi kikubwa kinachoweza kuhamishwa haraka. Kisha akapendekeza wagomaji wakatiwe fedha za umma, chama chao ndicho kibebe mzigo wa kuwalisha.

Isome tena orodha hiyo. Malori, mafuta, virungu, na sahani ya mtoto. Vyote vimewekwa mstari mmoja, vyote ni zana. Miaka mitatu baadaye kifungu cha sheria kilikuwa tayari, na miaka minne zaidi kikapata watu wa kutumiwa juu yao.

Tarehe 6 Machi 1984 Bodi ya Taifa ya Makaa ilitangaza kwamba itafunga migodi 20 na kupunguza ajira 20,000. Siku chache kabla, wafanyakazi wa mgodi wa Cortonwood, South Yorkshire, walikuwa wameambiwa kwamba mgodi wao unafungwa. Walitoka nje. Yorkshire na Scotland zikatoka, na tarehe 12 Machi Scargill akatangaza mgomo wa nchi nzima. Wachimba makaa wapatao 142,000 waliacha kazi. Scargill alisema kwamba migodi 20 ni mwanzo tu, kwamba mwenyekiti wa Bodi, Ian MacGregor, ana orodha ndefu ya siri. MacGregor alimwandikia kila mchimba makaa barua nyumbani kwake akikana. Thatcher naye alikana. Magazeti yalimwita Scargill mwongo na mzushi. Januari 2014, nyaraka za baraza la mawaziri zilipofunguliwa, zilionyesha mkutano wa Septemba 1983 ambapo MacGregor alikusudia kufunga migodi 75 katika miaka mitatu na kuondoa ajira 64,000. Miaka 30 ilikuwa imepita. Wengi walioitwa waongo walikuwa makaburini, na wengine walikuwa wamekufa kwa vumbi la makaa kifuani.

Kuna jambo moja katika mgomo huu ambalo halisemwi vya kutosha. Migodi ilikuwa mali ya taifa tangu Januari 1947. Mwajiri alikuwa serikali. Aliyetoa msaada wa kujikimu kwa mke wa mgomaji alikuwa serikali. Polisi walilipwa na serikali. Na marejesho ya kodi ambayo mfanyakazi aliyekosa mapato angestahili kurudishiwa yalizuiwa na serikali hiyo hiyo, kwa sheria, hadi mgomo uishe. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa anagombana nawe kuhusu kazi yako, ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la chakula cha watoto wako, ndiye aliyemlipa askari wa farasi saa za ziada. Kisha Thatcher alisimama mbele ya taifa na kusema kwamba mgogoro ni kati ya Bodi na chama, serikali haiingilii. Nigel Lawson, waziri wake wa fedha, alitetea bungeni gharama za kuukabili mgomo kwamba ni uwekezaji wenye faida kwa taifa. Fedha za kuwekeza katika kuwashinda zilikuwepo. Za kumlisha mtoto wa Grimethorpe zilikatwa.

Kwa miezi kumi na miwili watu hawa waliishi vipi? Hapo ndipo penye habari yenyewe, na hapo ndipo waandishi wengi hupita mbio.

Waliishi kwa majiko. Katika vijiji vya migodi kulikuwa na ukumbi wa wachimba makaa, mahali pa bia ya jioni, dansi na sherehe za harusi. Wanawake waliuchukua ukumbi huo. Wakaomba viazi kwa wakulima, mikate kwa waokaji, nyama kwa wachinjaji waliokuwa tayari kukopesha au kutoa bure. Walipika kwa masufuria makubwa chakula cha mamia ya watu, siku tano kwa wiki au zaidi. Walifunga vifurushi vya viazi, makopo ya maharage, unga, majani ya chai, wakapanga orodha za familia, wakahakikisha mwenye mtoto mchanga anapata maziwa na nepi. Walikusanya fedha kwenye vituo vya treni vya London wakiwa na ndoo za plastiki. Wengi wao hawakuwahi kushika kipaza sauti. Katika wiki chache walikuwa wakihutubia kumbi zilizojaa wageni, wakieleza kwa nini mgodi ukifungwa hakifungwi kiwanda tu; kijiji chote hufungwa, maana nje ya mgodi hakuna kazi nyingine.

Tarehe 12 Mei 1984 wanawake wapatao 10,000 walijaa Barnsley. Agosti 11 waliandamana London, zaidi ya 20,000. Vuguvugu la Wanawake Dhidi ya Ufungaji wa Migodi halikuundwa na viongozi wa NUM, na wanaume wengi wa chama hicho walilitazama kwa mashaka. Hapo napo haki isemwe. Vijiji vile vilikuwa vya mfumo dume, na mwanamke aliambiwa kwa vizazi kwamba nafasi yake ni kuandaa maji ya kuogea na chakula mume arudipo zamu. Mgomo uliwafundisha wanaume wale kuosha vyombo na kulaza watoto huku wake zao wakiwa langoni mwa mgodi alfajiri, uso kwa uso na polisi. Siân James alikuwa mke wa mchimba makaa huko South Wales. Baada ya mgomo alienda chuo kikuu, na mwaka 2005 akachaguliwa mbunge wa Swansea East. Anne Scargill na Betty Cook walikuwa miongoni mwa wanawake wanne walioshuka chini ya mgodi wa Parkside mwaka 1993 na kukaa humo siku kadhaa kupinga usifungwe. Hao ndio serikali iliwaita wategemezi kwenye fomu zake. Aliyemtegemea mwingine mwaka ule alikuwa nani? Bila majiko yale, mgomo usingefika hata Julai.

Na msaada haukutoka kwa jirani tu. Waasia wa Southall na Birmingham, watu waliokuwa wanajua vizuri virungu vya polisi, walichanga chakula na fedha. Vikundi vya mashoga na wasagaji kutoka London vilijiunga na vijiji vya Wales ambavyo havikuwahi kuwaona watu wa aina yao. Wafanyakazi wa Ufaransa walipeleka vichezeo vya Krismasi kwa watoto. Hii ilikuwa harambee kwa maana yake kamili, na ndiyo maana ilishambuliwa. Julai 1984, siku chache kabla mahakama hazijaanza kushika mali za matawi ya chama, Thatcher aliwaambia wabunge wake kwamba taifa lilipigana na adui wa nje huko Falklands na sasa linakabili adui wa ndani, aliye hatari zaidi. Wanaume walioiweka Uingereza kwenye joto na mwanga kwa vizazi viwili vya vita vya dunia, na wake zao waliokuwa wakimenya viazi ukumbini, wakawekwa kundi moja na jeshi la kigeni.

Kisha mahakama. South Wales ilitozwa faini ya paundi 50,000, haikulipa, mali zake zikashikwa. Oktoba NUM yenyewe ikatozwa paundi 200,000 na mali zake za nchi nzima zikafuatwa hadi benki za nje. Wanasheria watakueleza kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa kudharau amri ya mahakama. Weka utaratibu huo kando ya kifungu cha 1980 uone picha yote. Mkono mmoja wa dola unasema: familia zenu zilishwe na chama chenu. Mkono mwingine unakichukua kila kilichomo kwenye hazina ya chama hicho.

Majira ya baridi yakaingia. Mchimba makaa alikuwa na haki ya kupata makaa ya nyumbani kama sehemu ya ujira wake, na nyumba nyingi za vijiji vile zilipashwa joto na kuchemshiwa maji kwa makaa hayo peke yake. Mgomo ulipoanza yalikatika. Novemba 1984, badala ya kupunguza makato kwenye misaada ya familia, serikali iliyaongeza kutoka paundi 15 hadi 16. Paundi moja! Kwa hazina ya Uingereza si kitu. Kwa mama aliyekuwa akihesabu vipande vya mkate, ilikuwa mikate miwili au mitatu. Huo ndio mwezi ambao Bodi ilikuwa ikiwaahidi marupurupu ya Krismasi wale watakaorudi kazini mapema. Chukua kwa mama, mwahidi baba. Aliyebuni hilo alikaa katika ofisi yenye joto, na alijua alichokuwa akifanya.

Watu wakaenda kuokota makaa. Walichimbua vilima vya taka za migodi na kingo za reli za zamani kwa koleo na mikono, wakabeba magunia kwa baiskeli na vitoroli vya watoto. Wapo waliokamatwa kwa wizi wa makaa ambayo wao au baba zao walikuwa wameyatoa ardhini. Katika kijiji cha Goldthorpe, South Yorkshire, Novemba hiyo hiyo, ndugu wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine 14, walifukiwa na udongo walipokuwa wakichimba makaa ya kuotea moto nyumbani. Sitaki kuandika mengi juu yao. Familia yao ina haki ya huzuni yake. Nataka tu mtu yeyote anayesema kwamba kukata misaada ni hatua ya kiutawala aitamke sentensi hiyo akiwa amesimama Goldthorpe.

Kuhusu polisi nitasema machache kwa kuwa wengine wamesema mengi. Waliokamatwa katika mgomo ni 11,291. Wachimba makaa wa Kent walizuiwa kwenye tuneli ya Dartford, mamia ya kilomita kutoka mahali palipokuwa na mgomo uliobishaniwa, wakaambiwa wageuze magari la sivyo watakamatwa, ndani ya nchi yao wenyewe. Tarehe 18 Juni 1984, kwenye kiwanda cha Orgreave karibu na Sheffield, askari wa farasi waliingia mbio katikati ya wagomaji waliovaa fulana na viatu vya raba kwa sababu ya jua. Watu 95 walishtakiwa kwa makosa ya ghasia, mengine yenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Mwaka 1985 kesi iliporomoka mahakamani, ushahidi wa polisi ukiwa hauaminiki. Mwaka 1991 polisi wa South Yorkshire walilipa fidia ya paundi 425,000 kwa wachimba makaa 39. Hakuna askari hata mmoja aliyeadhibiwa. Na wagomaji wengi wamesimulia jinsi askari waliotoka London walivyowapungia noti za malipo ya saa za ziada kupitia madirisha ya mabasi, wakijua wanaotazama hawana chakula. Hilo lilikumbukwa kuliko marungu.

Kwa Mwafrika, hakuna cha kushangaza sana hapo. Novemba 18, 1949, katika bonde la Iva, Enugu, Nigeria, kwenye mgodi wa makaa wa serikali ya kikoloni, polisi chini ya afisa Mwingereza waliwapiga risasi wachimba makaa waliokuwa kwenye mgogoro wa ujira. Watu 21 walikufa. Dola hiyo hiyo, makaa yale yale, tofauti ni kwamba kwetu hawakuona haja ya kungoja njaa ifanye kazi.

Nazijua hoja za upande wa pili, na sizikimbii.

Watasema Scargill alikataa kura ya siri ya nchi nzima. Ni kweli, na lilikuwa kosa kubwa. Kura ingewapa wanachama wa Nottinghamshire, waliobaki kazini, sababu moja pungufu ya kuendelea kuchimba, na pengine wagomaji wangeishinda. Kosa hilo liliugawa umoja wa wachimba makaa hadi leo. Ndugu hawasalimiani kwa sababu ya mwaka ule. Lakini niambie: mtoto wa miaka sita wa Maerdy alipaswa kukatiwa chakula kwa sababu kiongozi wa baba yake alikosea utaratibu wa kura? Kifungu cha 1980 kilitungwa miaka minne kabla ya kura hiyo kukataliwa. Hakikuwa adhabu ya kosa la Scargill. Kilikuwa kimekaa tayari kikimsubiri yeyote.

Watasema wagomaji nao walifanya ukatili. Ndiyo. Tarehe 30 Novemba 1984, South Wales, kipande cha zege kilidondoshwa kutoka darajani juu ya teksi iliyokuwa ikimpeleka mchimba makaa kazini, dereva akafa. Ulikuwa uovu, na wachimba makaa wengi waliulaani siku ile ile. Na David Jones alikufa Ollerton mwezi Machi, na Joe Green alikufa Ferrybridge mwezi Juni, wote wakiwa upande wa wagomaji langoni. Damu haitolewi hesabu ya kusawazisha. Ila dereva wa teksi hakuuawa na wanawake wa jikoni wala watoto wao, na wao ndio waliokuwa wakilipa kila wiki.

Watasema migodi ilikuwa ikila hasara, ilibidi ifungwe. Na vijana wa leo wataongeza kwamba makaa yanachafua hewa, afadhali yalikwisha. Hii ndiyo hoja inayonikasirisha kuliko zote, kwa sababu inavaa nguo safi. Thatcher hakufunga migodi ili kuokoa hali ya hewa. Uingereza iliendelea kuchoma makaa kwa miaka 40 zaidi. Kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa Septemba 30, 2024. Mwaka 2013 nchi hiyo iliagiza kutoka nje karibu tani milioni 50. Moshi ulibaki, kazi zikahama. Ukitaka kujua kama mgodi unaweza kufungwa bila kumnyima mtu chakula, angalia Ujerumani. Mwaka 2007 serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kufunga migodi yote ya makaa magumu hatua kwa hatua, bila kumfukuza mtu kwa nguvu. Wa mwisho, Prosper-Haniel huko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Rais wa nchi alikuwepo kupokea kipande cha mwisho cha makaa. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Uingereza ilichagua njia nyingine, na kuchagua ni tendo la mtu mwenye jina na cheo.

Machi 3, 1985, wajumbe wa NUM walipiga kura 98 kwa 91 kurudi kazini bila makubaliano yoyote. Wachimba makaa karibu 1,000 walikuwa wamefukuzwa. Siku mbili baadaye watu wa Maerdy, kijiji ambacho hakuna hata mmoja aliyevunja mgomo, waliandamana kurudi mgodini na bendera na bendi yao, wanawake wakiwa nao. Mgodi wao ulifungwa Desemba 1990, wa mwisho katika bonde lote la Rhondda. Na Nottinghamshire, waliofanya kazi mwaka mzima wakiahidiwa kwamba watakumbukwa? Oktoba 1992 serikali ya chama kile kile ilitangaza kufunga migodi 31 na kuondoa ajira 30,000, na migodi yao imo. Wa mwisho wao, Thoresby, ulifungwa 2015. Desemba mwaka huo huo ulifungwa Kellingley, Yorkshire, na uchimbaji wa makaa wa kina kirefu ukaisha Uingereza.

Hata uzeeni waliendelea kuchotwa. Migodi ilipouzwa mwaka 1994, serikali ilikubali kuudhamini mfuko wa pensheni wa wachimba makaa, na kwa dhamana hiyo ikachukua nusu ya kila ziada. Kufikia 2021 ilikuwa imejipatia paundi bilioni 4.4, bila kuwa imelazimika kuweka ndani hata paundi moja. Wajane wa vumbi la makaa waliishi kwa pensheni ndogo huku hazina ikivuna. Oktoba 2024 ndipo serikali ya Labour ilipokubali kuachia akiba ya paundi bilioni 1.5, na pensheni za watu 112,000 zikapanda kwa asilimia 32. Nilifurahi kwa ajili yao. Pia nilijiuliza wangapi walizikwa kati ya 1994 na 2024.

Sasa uchunguzi umekuja. Mwaka 2022 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuwasamehe wagomaji waliotiwa hatiani kwa makosa madogo ya mgomo. England na Wales hakuna sheria kama hiyo hadi sasa ninapoandika. Julai 2025 waziri wa mambo ya ndani, Yvette Cooper, alitangaza uchunguzi rasmi wa Orgreave, ukiongozwa na Askofu wa Sheffield, Pete Wilcox. Familia ziliupigania kwa miaka mingi na naupokea. Lakini Orgreave ilikuwa siku moja. Jiko lilikuwa mwaka mzima. Uchunguzi unaotazama farasi na marungu na kuacha ofisi za misaada ya jamii utatuachia tena simulizi ya wanaume na wanaume, uwanjani, saa chache za kiangazi.

Nataka mafaili ya wizara iliyosimamia misaada yafunguliwe. Nataka kujua nani aliandika rasimu ya kifungu kile, nani alipendekeza nyongeza ya Novemba 1984, barua zipi zilipita kati ya hazina, wizara ya nishati na ofisi ya waziri mkuu kuhusu siku ambazo familia zingeweza kuvumilia. Nataka waliofukuzwa kazi kwa makosa ambayo mahakama ziliyatupa walipwe, si wasafishwe majina tu. Nataka wanawake waliopika Easington, Cortonwood, Maerdy na Goldthorpe waitwe kutoa ushahidi kwa kiapo, na waitwe kabla ya mapolisi wastaafu na mawaziri wa zamani, kwa sababu wengi wao wana miaka 70 na 80 na hawana muda wa kungoja foleni.

Anne Scargill alifariki Aprili 2025, miezi mitatu kabla ya uchunguzi kutangazwa. Askofu Wilcox aanze na waliobaki.